Picha Iliyopimwa kwa Njaa

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili lisije likasemwa na wengine, hasa Felix. Alasiri aliyokuja kwetu Junda na kikaratasi kidogo kama kiberiti, akakiweka juu ya meza yangu na kuniuliza, "Sabah, hii ni nini?", nusura nimtoe nje pamoja na kiti chake.

"Karatasi," nikamjibu.

"Imechorwa nini?"

Nikainama. Niliona rangi ya udongo, wekundu kidogo, vidoa vya kijani, na katikati kitu kama mchuzi uliomwagikia mkeka.

"Mtu kamwaga chakula," nikasema.

"Ni picha yako," akasema Felix.

Nilimtolea maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyatoa, na Ramadhani ilikuwa tayari imepita nusu. Kisha nikanyamaza, maana kweli ilikuwa picha yangu.

Felix Ruwa na mimi tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Yeye anaandika programu, mimi nachora. Mchezo wenyewe unaitwa Pisha Njia. Mchezaji ni hamali wa soko la Kongowea. Amepakia nyanya kwenye mkokoteni mpaka zimempita kichwa, na kazi yake ni kuzifikisha upande wa pili wa soko bila kuzimwaga. Njiani kuna malori ya bara, mbuzi, bodaboda, na akina mama waliopanga mchicha katikati ya njia kana kwamba njia ni urithi wao. Felix alihangaika mwaka mzima ili kila nyanya iviringike kivyake. Mchezo ni mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu, ingawa ni wangu.

Tabu ni kwamba mchezo wa namna hii unauzwa katika duka la mtandaoni, na dukani humo iko maelfu. Mteja hauoni mchezo. Anaona kijipicha, kimebanwa kati ya vijipicha vya watu wengine, na kidole chake kinateremka hakina subira. Kijipicha kisipomshika, amekwenda zake. Na mimi katika picha yangu nilikuwa nimeichora Kongowea yote: wauzaji, wanunuzi, paka, matenga, waya za umeme, hata bibi mmoja anayekuna nazi dirishani nilimchora na kucha zake. Ikiwa kubwa ukutani, ingekutoa machozi. Ikiwa ndogo kama kiberiti, ni mchuzi juu ya mkeka.

Laiti ingekuwa ni suala la picha tu, nisingekosa usingizi. Lakini baba yangu, Mzee Mwinyihaji, aliyeuza nazi Kongowea mpaka magoti yakamkatalia, alikuwa amenipa muda hadi Idd.

"Nonyeshe mtu mmoja asiyekujua," aliniambia. "Asiwe shangazi yako, asiwe rafiki yako. Mtu baki, aone hicho kitu chako akitake. Ukimpata, endelea, nami sitasema tena. Usipompata, Idd ikiisha wenda kwa Hashim."

Hashim ni binamu yangu. Ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Changamwe, na alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye meza ya mbele, apokee simu na kuwaambia wateja kuwa mzigo wao utatoka kesho. Niliwahi kumsaidia siku moja. Niliingia msichana, nikatoka nina umri wa mama yangu. Hashim si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningekataa nikapata na watu wa kunitetea. Kila akija kwetu husema, "Sabah, kile kiti kinakungoja," kwa sauti ya mtu anayekutangazia posa.

Basi, wazo la kuwauliza watu lilikuwa langu, na sijifichi. Nilimwambia Felix tusigombane, tuchukue picha tuitie kwenye simu, tumwonyeshe mtu kwa muda ule tu ambao kidole kinapita, tuifunike, tumuulize ameona nini. Atakachosema ndicho picha inachosema. Felix akakubali, na hata sasa naamini wazo lenyewe lilikuwa zuri. Kosa letu ni kuwa tuliwachagua watu waliokuwa karibu, yaani jamaa zangu, na tukachagua saa ambayo wote wako barazani hawana la kufanya, yaani ile saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, wakati hata mate yana ladha.

Nilianza na mama yangu, Mwanasaumu, aliyekuwa akikoroga unga wa kaimati. Nikamwonyesha, nikafunika.

"Pilau," akasema Mama.

Shangazi Mwanarehema akaomba naye aone. "Pilau wapi? Hizo ni mbaazi, zimeshika chini kidogo."

Baba akavaa miwani. "Ni biriani. Nyama iko upande huu."

"Nyama haikuwa upande huo, Mwinyihaji," akasema Shangazi, na nusura ndugu wawili wa tumbo moja wakosane kwa nyama ambayo haipo, katika picha ambayo hainayo.

Ile picha niliitupa. Nililia kidogo, kisha nikachora nyingine: mkokoteni kwa ubavu, hamali nyuma yake anasukuma, nyanya juu zimelundikana. Kesho yake saa ileile nikawapitishia tena.

"Nyanya!" wakasema wote kwa pamoja, hata kabla sijafunika.

Felix na mimi tukatazamana kwa furaha. Wameona! Wameona mara moja, tena kitu kimoja! Hatukujiuliza kwa nini hakuna aliyetaja mkokoteni.

Tangu hapo kila alasiri baraza letu likawa kamati. Mama alitaka nyanya ziongezwe wekundu, kwa sababu zile zilikuwa kama zimevunwa jana. Baba aliagiza moja ipasuliwe, maji yake yaonekane. Shangazi akataka majani ya dania pembeni, kisha akataka maua. Shangazi Mwanarehema ndiye anayechaguliwa kila harusi ya Kisauni kwenda kutazama kadi za mwaliko, na ana msimamo wake.

"Picha isiyo na maua ni tangazo la msiba," alisema.

"Shangazi, hapa ni sokoni."

"Na asumini zauzwa wapi? Msikitini?"

Nikaweka asumini, ingawa niliificha nyuma ya gurudumu.

Mtu pekee ambaye angeweza kutuokoa ni Felix. Felix ni Mgiriama, mtoto wa mzee wa kanisa, hafungi. Lakini amekulia mlango wa pili na kwetu, na anaona aibu kubwa kutafuna chochote mbele yetu sisi tuna njaa. Kwa kuwa kutwa nzima alikuwa kwetu akifanya kazi, tangu asubuhi hakuwa ametia hata maji mdomoni. Nilipomwonyesha ile nyanya iliyopasuliwa, aliitazama kwa unyonge, akameza mate.

"Mimi ningeongeza chumvi," akasema, wala hakuwa anatania.

Nikanyunyiza vitu vyeupe juu.

Wiki ilipokwisha, nyanya moja ilikuwa imejaza picha nzima. Imepasuka, inang'aa, tone la maji linaning'inia ukingoni, na dania juu yake mbichi kabisa. Mkokoteni ulikuwa umebaki ncha ya mpini. Hamali alikuwa kitu cheusi pembeni, ukimtazama vibaya utadhani ni mbegu. Nami niliipenda. Lazima niseme kweli, ilikuwa nyanya nzuri kuliko zote nilizopata kuchora. Felix akaipandisha dukani, pamoja na kipande kifupi cha mchezo ambacho watu wanaweza kucheza bure.

Kesho yake Felix alipiga simu na sauti imempaa. "Sabah, watu wanaingia! Wanaingia wengi!"

Alikuja mbio na kompyuta yake, tukaketi kusoma walichoandika. Wa kwanza alikuwa mtu wa mbali, nchi ya baridi huko.

"Anauliza jiko liko wapi," akasema Felix.

"Jiko gani?"

"La kupikia." Akateremka kwa wa pili. "Huyu amesukuma mkokoteni soko zima akingoja aambiwe apike nini." Akateremka tena, na sauti yake ikateremka pia. "Huyu ana hasira. Nyanya zake zimemwagika na hajafunzwa hata mchuzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Waliokuja kupika waliondoka wakinuna. Wale ambao wangependa kusukuma mkokoteni hawakuja, kwa sababu nani atajua kuwa nyuma ya nyanya ile kuna mkokoteni? Kufikia jioni, ukurasa wetu ulikuwa kimya.

Mimi sikukata tamaa upesi. Nilingoja Baba afuturu, aswali, ashibe, aegemee mto, nikamfuata na yule mtu wa nchi ya baridi.

"Baba, ulisema mtu mmoja asiyenijua. Huyu hapa. Hanijui, na ametaka."

Felix akamsomea. Baba akasikiliza huku akichokoa meno.

"Huyo yuwataka kupika," akasema.

Halafu akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaitazama picha kwa utulivu wa mtu aliyekula sambusa zake zote.

"Sabah."

"Abee, Baba."

"Mchezo wako si wa mkokoteni?"

"Ndio wa mkokoteni."

"Sasa mbona umechora nyanya?"

"Si ni wewe uliyeniambia niipasue!"

"Nalikuwa na njaa," akasema Baba, vilevile kama mtu angesema kesho ni Jumanne.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi akafuata, akajipiga paja, akasema sasa ameelewa kwa nini zile mbaazi zilimkaa moyoni. Felix alishika kichwa kwa mikono miwili. Wiki nzima tulikuwa tumepima picha kwa matumbo matupu, na hakuna hata mmoja aliyeliona, mimi wa kwanza. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Nikiwa humo simu ikaita kidogo. Ulikuwa ujumbe wa Hashim: kile kiti amekinunulia mto.

Asubuhi Mama alinituma Kongowea kununua vitunguu. Nilikwenda nimenuna, natembea sitazami ninapokanyaga, moyoni namjibu Baba majibu ambayo mdomoni yasingetoka. Nilikuwa nimepita kwenye malori, nimeingia uchochoro wa mboga, niliposikia mtu akipiga kelele karibu mno. Nikainua macho. Mkokoteni ulikuwa juu yangu. Sikufikiri kitu. Niliruka tu, nikaangukia kwenye mchicha.

"Wewe mwana!" akafoka mwenye mchicha, mama mmoja wa makamo aliyejifunga leso mbili. "Huu ni mchicha au ni godoro?"

Nami nilikuwa bado nimelala palepale. "Mama, samahani. Yule hamali alibeba nini?"

"Yupi?"

"Yule aliyepita sasa hivi."

"Ntajuaje? Mimi nalikuwa naokoa mchicha wangu!"

Wala mimi sikuwa nimeona alichobeba. Niliona kipaji cha uso kimeinama, ngumi mbili zimekaza mpini, mdomo wazi, na gurudumu. Basi. Mzigo ulikuwa kiza kilichosimama nyuma yake. Nilibaki chini nikingoja wa pili apite, nikamtazama kutoka pale, kisha wa tatu. Yule mama akaniuliza kama nina kifafa. Nilimnunulia mchicha wote nilioulalia, nikarudi nyumbani bila vitunguu, na maneno niliyoyasikia kwa Mama siku ile sitayaandika hapa.

Nikachora kutoka chini, kutoka pale nilipoangukia. Gurudumu limekaribia kutoka nje ya picha. Ngumi kubwa. Uso mmoja, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama. Nyuma yake wekundu tu, mrefu, unaegemea. Jina la mchezo nikaliandika kwa herufi nene kama zile zinazopakwa rangi ubavuni mwa mikokoteni, si zile za kujipinda nilizozipenda mwanzo. Sikuweka bibi wa nazi. Sikuweka paka, na paka niliyemtoa alikuwa mzuri. Shangazi akapita, akauliza asumini iko wapi, nikamwambia imenyauka.

Felix alipokuja sikumruhusu akae.

"Umekula?"

"Sijala, lakini hakuna ne—"

"Nenda kwenu ukale. Ule ushibe, kisha urudi."

Alirudi na makombo ya mkate kifuani. Nikampitishia kikaratasi kidogo kama kile cha kwanza, nikakifunika. Akafungua kompyuta, akaishusha nyanya na kumpandisha hamali. Usiku wa siku hiyo ndipo mwezi ulipoandama. Nyumbani sikumwonyesha mtu yeyote, mwenye njaa wala mwenye shibe.

Siku ya Idd, Hashim alikuja na kanzu mpya, marashi yake yakitangulia. Akaketi barazani ubavuni kwa Baba, kila mmoja na sahani yake ya tambi, miguu yote minne imenyooshwa mbele kwa raha. Felix naye alikuja kula pilau, kompyuta kwapani. Nilimwona Baba akiitazama ile kompyuta, nikajua wakati umefika.

"Haya, Idd ndiyo hii," akasema. "Mtu wako yu wapi?"

Felix akafungua ukurasa. "Tangu jana usiku wameingia watu, Mzee. Si wengi. Lakini wamekaa, wamecheza, na wengine wamebofya kuwa wanautaka."

"Ni watu baki?"

Hapa mtu mwenye akili angesema ndiyo. Felix alikunja uso akafikiri. "Nadhani. Ila mmoja jina lake lafanana na la shemeji yangu."

Hashim akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo lilinichoma zaidi. "Sabah, hebu njoo tu. Mto nao nimeununua wa rangi uipendayo."

Baba akashusha pumzi, akaweka kijiko. Niliuona uso wake. Hakuwa anafurahia kushinda. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko maneno. Hivyo ndivyo watu wanavyomtazama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Nikasema, "Baba, itazame picha tu. Mara moja."

"Nishaitazama, mwanangu. Ni nyanya."

Nilipiga magoti mbele yao, nikaishika simu chini, usawa wa magoti yao, nikaigeuza upesi.

Baba akakunja miguu.

Yote miwili, kwa mara moja, chini ya kiti, na magoti yale yanayomfanya aombe msaada kuinuka chooni. Hashim pembeni yake akavuta ya kwake kwa nguvu zaidi, sahani ikapinduka, tambi zikateremka juu ya kanzu mpya tangu kifuani hadi mapajani.

"Nini?" Mama akapiga kelele kutoka mlangoni. "Nyoka?"

Baba alikuwa ameinama anaitazama miguu yake pale chini ya kiti, kana kwamba imekwenda huko bila ruhusa. Kisha akanyoosha mkono, nikampa simu. Akauangalia uso wa yule hamali kwa muda mrefu.

"Miaka yote ile nimekaa pale na nazi zangu," akasema polepole. "Wapita, navuta miguu. Wapita, navuta miguu. Sikupata kumtazama mmoja wao usoni."

Hashim alikuwa akiokota tambi moja moja. "Lakini Ami," akasema, "masharti yalikuwa mtu asiyemjua. Sisi sote hapa twamjua."

Baba akafikiri. Yeye ni mtu wa ahadi, na nikaona analipima jambo kwa haki, kama alivyokuwa akizipima nazi sikioni.

"Mimi namjua," akasema. "Miguu yangu haimjui. Haikuuliza huyu ni mtoto wa nani. Imeona mkokoteni, imepisha." Akamgeukia Hashim, akamtazama kanzu. "Na yako pia imepisha, au hizo tambi umejimwagia kwa mapenzi yako?"

Hashim akaikung'uta kanzu.

"Kile kiti mpe mtu mwengine, mwanangu. Na mto wake."

Mimi ambaye jibu huwa liko ulimini kabla ya swali, nilikaa palepale sakafuni na machozi yakanitoka mbele ya watu, siku ya Idd, wanja wote ukaharibika. Felix akajifanya anatafuta kitu kwenye kompyuta. Baba akanirudishia simu.

"Nonyeshe tena," akasema.

Kisha akainuka kwa tabu, akakivuta kiti chake mpaka ukutani ili katikati ya baraza pabaki njia, akaketi, akakunja miguu kabisa.